Mzee aliyenifundisha kazi anataka ninunue flashi zake

BARUA

Mshauri, habari za kazi.

Nina studio ndogo ya picha Mwanjelwa, hapa Mbeya. Chumba kina mita tatu kwa nne na nusu, kuta tatu nyeupe na moja ya kijani ambayo mwenye nyumba hataki niiguse. Kazi zangu ni paspoti, familia, wachumba wanaojiandaa na sendofu, na mwisho wa mwaka wahitimu wa vyuo na majoho yao. Kamera ni Canon 2000D, na lenzi mbili: ile ya 18-55 iliyokuja nayo na ya 50 mm.

Mpaka leo natumia taa mbili za LED. Kiangazi zinanitosha kwa kusaidiwa na dirisha. Mvua zikianza Novemba, saa tisa alasiri chumba kimeshakuwa giza. ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) inafika 1600, shata (muda wa kamera kufunguka) inashuka mpaka 1/60 ya sekunde, mtoto akigeuza shingo tu picha imeharibika. Nikichapisha A3 chenga zinaonekana mpaka mteja anauliza. Nimeamua kuhamia kwenye flashi zisizo na waya, maana chumba ni kidogo na watoto wanajikwaa kwenye nyaya.

Kikobani nimepata 900,000, marejesho 100,000 kila mwezi. Muuzaji wa Kariakoo niliyeongea naye kwa simu ananiuzia flashi ndogo ya Godox TT600 kwa 190,000 moja, triga (kifaa cha juu ya kamera cha kulipua flashi kwa redio) 180,000, na ile taa ya studio ya kuchomeka kwenye umeme, Godox MS300, kwa 420,000. Kijana ninayemfundisha anasema nichukue TT600 mbili na triga, nimalize.

Shida ni Mzee. Huyu ndiye aliyenipokea nikiwa sijui hata kuweka filamu kwenye kamera, akanifundisha miaka mitatu bila kunidai shilingi. Sasa anafunga studio yake, anarudi Tukuyu kulima parachichi. Ana taa mbili kubwa za studio za kuchomeka kwenye umeme, za enzi ya filamu, zimeandikwa 250 kila moja, pamoja na stendi tatu, softiboksi mbili (maboksi ya kitambaa ya kulainisha mwanga) na bomba la kutundikia vitambaa vya nyuma. Vyote anataka 350,000. Amenipigia mara mbili: "Mwanangu, sitaki viende kwa mtu mwingine." Taa zenyewe hazijawashwa tangu mwaka juzi, na hazina redio wala chochote. Mume wangu anasema hata kama ni mbovu ninunue, kwa heshima. Mimi naogopa mkopo wa kikoba uishie kwenye vyuma. Lakini nikikataa, Mzee asije akaondoka akisema fadhila za punda ni mateke.

Kingine kidogo: mwezi uliopita niliazima flashi ya rafiki yangu nikaichomeka juu ya kamera. Ilikaa vizuri, taa ya tayari ikawaka, ukibonyeza kitufe chake cha kujaribia inalipuka, lakini nikipiga picha hailipuki hata mara moja. Nikamrudishia nikimwambia imechoka. Isije ikawa na hizo TT600 ndiyo hivyohivyo.

Nifanyeje?

Mama Studio, Mwanjelwa

MAJIBU

Dada yangu Mama Studio,

Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kitambaa kimoja. Moja ni la mwanga: kwa 900,000, flashi zipi zitakutoa kwenye ISO 1600. La pili ni la Mzee. Umeyaandika kama ni jambo moja, kwamba ukinunua taa zake umemheshimu na usiponunua umemtupa. Naomba tuyafungue, kila moja likae peke yake kwa muda.

Ila kabla ya yote, turudi kwenye aya yako ya mwisho, ile uliyoiita kitu kidogo. Flashi ya rafiki yako huenda ni nzima kabisa. Chukua kamera yako uitazame pale juu panapochomekwa flashi. Kwenye Canon nyingi utaona pini moja kubwa katikati na nyingine ndogo nne pembeni yake. Pini ya katikati ndiyo inayoiambia flashi yoyote, ya kampuni yoyote, "lipuka sasa". Canon 2000D haina pini hiyo. Haina pia 4000D wala 250D. Zimebaki pini ndogo tu, ambazo huzungumza lugha ya Canon yenyewe, na flashi ya kawaida yenye mguu wa pini moja haiielewi. Ndiyo maana ilikaa vizuri, ikawaka taa, ikanyamaza. Ukipata nafasi, mwombe rafiki yako radhi kwa niaba ya flashi yake.

Jambo hili linagusa kila kitu ulichotaja. TT600 nayo ina mguu wa pini moja, kwa hiyo ukiichomeka juu ya kamera yako haitalipuka. Triga za bei ndogo za pini moja zitanyamaza vilevile. Taa za Mzee ndiyo kabisa, kwa sababu kamera yako haina tundu la waya wa flashi. Kabla hujachagua taa, basi, swali la kwanza ni kamera yako itazungumza nazo kwa njia gani.

Njia ninazoziona ni mbili. Ya kwanza ni triga iliyotengenezwa kwa ajili ya Canon, inayosoma zile pini ndogo. Kwa upande wa Godox jina lake huishia na herufi C, kama X2T-C. Yenye N ni ya Nikon, yenye S ni ya Sony, na wauzaji huzichanganya, kwa hiyo soma boksi mwenyewe. Hata yenye C usiilipie kwa maneno. Mwambie muuzaji aichomeke juu ya 2000D, siyo Canon yoyote aliyonayo mezani, apige picha mbele ya ukuta, na akurekodie video flashi ikilipuka na picha ikionekana kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Asipoweza, mwombe akuandikie kwamba ikikataa utairudisha.

Njia ya pili haihitaji kununua triga. Kamera yako ina flashi yake ndogo inayochomoza juu. TT600 ina jicho la kuona mwanga wa flashi nyingine na kulipuka pamoja nayo, lenye hali mbili, S1 na S2. Flashi ya kamera yako hutoa kwanza mlipuko mdogo wa kupima, kisha ndiyo unakuja mlipuko wa picha. Ukiweka S1, TT600 italipuka kwenye ule wa kupima, shata ikifunguka imeshamaliza, na picha inatoka kana kwamba hukuwasha kitu. S2 huuruka wa kupima na kusubiri wa pili. Ndani ya chumba chako kidogo njia hii hufanya kazi vizuri, na 180,000 inabaki mfukoni. Ubaya wake utaukuta nje ya studio. Jua kali hulipofusha lile jicho, na kwenye sendofu kila mwenye kamera ukumbini atakuwa anazilipua flashi zako bila kujua. Flashi ya kamera nayo hujijaza polepole na inakula betri ya kamera. Kama kazi zako nyingi ni za chumbani, si njia ya kudharau.

Sasa nguvu. Unaweza kudhani taa kubwa ndiyo salama zaidi. Sina hakika kama chumba chako kinakubaliana na hilo. Flashi ndogo ya betri kama TT600 ina takriban robo ya nguvu ya taa iliyoandikwa 300 kama MS300. Inasikika kuwa ndogo, lakini angalia umbali. Softiboksi ya sentimita 60 kwa 90 ikiwa mita moja na robo kutoka usoni, kwa makadirio yangu robo ya nguvu ya TT600 itakupa karibu f/6.3 (namba ya tundu la lenzi; ikikua, tundu limefungwa zaidi) kwa ISO 100, shata 1/160. Huo ni ubora ambao LED zako hazijawahi kuugusa. Ukisogeza softiboksi mpaka mita mbili na nusu ili ienee familia ya watu wanane, mwanga unabaki robo ya ule wa kwanza, kwa sababu umbali ukiongezeka mara mbili mwanga hupungua mara nne. Hapo utaenda nusu ya nguvu na ISO 400, upate f/9 hivi. Bado uko mbali na 1600.

Taa kubwa nazo zina tatizo ambalo hukulitaja, la kutoshuka. MS300 hushuka mpaka sehemu moja ya 32, TT600 mpaka moja ya 128. Ndani ya mita tatu kwa nne na nusu, taa yenye nguvu nyingi isiyoshuka vya kutosha itakulazimisha kuifunga lenzi hata siku unayotaka kufungua ile 50 mm mpaka f/2 kwa picha ya bibi harusi. Kwa upande mwingine, MS300 haiombi betri, ina balbu ya kukuonyesha kivuli kitakavyoanguka kabla hujapiga, ina kipokezi cha redio ndani, na inajijaza haraka. Kwa foleni ya wahitimu 60 hilo si jambo dogo. Kikwazo ni umeme. Ukikatika na wateja wamekaa kwenye benchi, flashi ya betri inaendelea na kazi, ya kuchomeka inakuwa pambo. Na usije ukaichomeka kwenye inverter ndogo ya gari, umeme wake mchafu unaweza kuua taa za namna hii.

Ukichagua za betri, betri zenyewe ni sehemu ya bei. TT600 moja inakula AA nne. Flashi mbili, seti mbili kila moja, ni betri 16 za kuchaji za Ni-MH, na chaja inayochaji kila betri peke yake. Alkali za dukani zinafanya kazi, ila zinapata moto na flashi inachelewa kujijaza. Zile za kuchaji zilizoandikwa mAh 3800 au 5000 ziache hapohapo: AA halisi ya Ni-MH haivuki sana 2700. Iliyoandikwa 2000 ya kampuni inayojulikana itakufikisha mbali kuliko ya 5000 ya uongo. Kwa betri nzuri za 2500, TT600 hutoa milipuko kama 230 ya nguvu kamili, na hujijaza kwa sekunde mbili na nusu hivi. Kwa robo ya nguvu ni mingi zaidi. Usiifululize kwa nguvu kamili. Baada ya milipuko 30 ya mfululizo hujizuia yenyewe ipoe, na ukiwa na foleni mlangoni dakika kumi za kuisubiri ipoe ni ndefu.

Kijana wako yuko sahihi kwa jambo moja: studio ndogo haihitaji flashi ya kupima mwanga yenyewe, ile ya TTL, na TT600 si ya namna hiyo. Mteja anakaa palepale, taa iko palepale, ukishaweka nguvu kwa mkono inabaki hivyo mpaka jioni. Asichokuambia ni kwamba redio za kampuni tofauti hazielewani. Triga ya Godox haitalipua flashi ya redio ya Yongnuo, hata kama zote zimeandikwa 2.4 GHz. Flashi ya kwanza utakayonunua ndiyo inayochagua ukoo wa zitakazofuata.

Tuje kwa Mzee na taa zake.

Unasema hazina redio. Hilo peke yake lisikutishe, maana kuna vipokezi vidogo vya redio vinavyochomekwa kwenye tundu la waya la taa ya zamani. La kutisha ni volti zilizoko kwenye tundu hilo. Taa za enzi ya filamu nyingine hutoa volti chache, nyingine zaidi ya 200, na kipokezi kisichostahimili kinaungua siku hiyohiyo. Nenda na mita ya fundi umeme. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha juu, 600 au 1000. Taa ikiwa imejaa kwa nguvu kamili, gusisha ncha moja kwenye kiini cha tundu na nyingine kwenye ukingo wake. Chini ya volti 6 lala usingizi. Juu ya hapo, linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kijitabu cha kipokezi unachotaka kununua.

Na usiiwashe taa iliyolala tangu mwaka juzi kwa nguvu kamili moja kwa moja. Vile vikopo vya kuhifadhi umeme ndani yake huzoea kulala. Iweke kwenye nguvu ndogo kabisa, iache ikiwa imewashwa nusu saa au zaidi, ilipue mara chache, ndipo upande taratibu. Ikitoa harufu ya kuungua, ikinguruma au ikipiga kishindo, chomoa. Na yeyote atakayesema "tuifungue tuone" mzuie, hata akiwa Mzee mwenyewe. Umeme wa mamia ya volti unabaki mle ndani hata waya ukiwa mkononi mwako.

Ikikubali kuamka, ipime uaminifu. Kamera kwenye M (hali ya kuweka kila kitu kwa mkono), ISO 100, 1/125, f/8, taa ikitazama ukuta mweupe kwa nusu ya nguvu. Piga picha kumi, moja kila baada ya sekunde kumi. Zikipangwa kwenye kioo zote ziwe na weupe mmoja. Ikitokea ya nne nyeupe, ya tano kijivu, ya sita nyeupe, taa hiyo imechoka, na kwenye paspoti itakutia aibu. Tazama pia ule mrija wa kioo unaotoa mwanga: ukiwa mweusi kwenye ncha, umeshafanya kazi ya maisha yake.

Utazilipuaje siku hiyo na kamera isiyo na pini? Kama taa zake zina jicho, tumia flashi ndogo ya kamera kwa ujanja huu. Jicho la zamani halijui S2, litalipuka kwenye mlipuko wa kupima. Kwa hiyo bonyeza kwanza kitufe chenye nyota, kamera itoe ule wa kupima peke yake, taa zitalipuka. Subiri zijae, kisha piga picha. Safari hii mlipuko ni mmoja tu.

Kuhusu fedha, hesabu zako zinabana kweli. TT600 mbili na triga ni 560,000, ukiongeza vya Mzee 350,000 umevuka kabla hujanunua betri moja. Lakini soma tena orodha yake. Stendi tatu, softiboksi mbili, bomba la vitambaa. Hivyo havina volti wala havizeeki kwa kulala, na ukinunua flashi mpya utavihitaji vyote. TT600 huingia kwenye softiboksi ya studio kwa kibanio kinachouzwa pekee, mradi mdomo wa softiboksi na kibanio viwe vya aina moja. Aina ya Bowens ndiyo inayopatikana kirahisi, kwa hiyo piga picha mdomo wa softiboksi za Mzee na umtumie muuzaji. Inawezekana Mzee akakubali kukupa hivyo kwa sehemu ya bei, taa akauza kwingine au akaziacha. Inawezekana pia akaona umechambua mzigo wake kama mchuuzi. Wewe unamjua, mimi simjui. Ipo na njia ya kuchukua mzigo wote kwa malipo ya polepole na kuanza na TT600 moja ya S2, bila triga. Hatari yake ni kuwa na madeni mawili, la kikoba na la mtu unayemheshimu, na la pili huwa zito zaidi siku ukichelewa.

Mume wako anasema ununue hata kama ni mbovu. Nina shaka kidogo. Mzee amesema hataki viende kwa mtu mwingine. Hajasema anataka uingie hasara. Je, umeshamuuliza anachojali ni zile 350,000, au ni kujua kwamba vitu vyake viko kwa mtu anayejua thamani yake? Majibu hayo mawili yanakupeleka kwenye mazungumzo tofauti kabisa. Unaweza kumwambia tu, "Baba, naomba nije Jumamosi na kamera yangu na mita, tuziwashe pamoja." Kwa fundi wa umri wake hilo si tusi. Ataona mwenyewe picha ya tano ikitoka kijivu, au ataona zote kumi zikitoka sawa, na huenda hata bei mkaizungumza kwa namna nyingine mkiwa mmesimama mbele ya ukuta uleule.

Ule ukuta wa kijani, katika kila njia, tundika shuka jeupe au kitambaa cheusi mbele yake. Flashi hugonga kuta zote, na kijani hicho kitakaa kwenye mashavu ya wateja wako hata ukinunua taa ya milioni.

Na ukiwa kwa Mzee, muulize kama bado ana vipande vya filamu ya rangi iliyosafishwa, ule mwanzo mweusi ulioingia mwanga wakati wa kupachika. Ukiufunga mbele ya flashi ya kamera yako, mwanga unaoonekana unazuiwa lakini ule usioonekana kwa macho unapita, na jicho la flashi nyingi huuona. Usoni mwa mteja hakuna kitu, pembeni taa zinalipuka. Iwe ya rangi, ya nyeusi na nyeupe haipitishi. Sentimita tano zinatosha.